Mungu wa Neno Moja

Katika jumba la kale la Haddon Hall, jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, limehifadhiwa jiwe la madhabahu la zama za dola ya Kirumi, ambalo maandishi yake ya Kilatini yasimulia kwamba Quintus Sittius Caecilianus, amiri wa kikosi cha kwanza cha Waakwitania, watu wa kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, alitimiza nadhiri yake kwa mungu Mars Braciaca. Mars twamfahamu, ndiye mungu wa vita wa Warumi. Lakini huyu Braciaca hatajwi penginepo, wala hana sanamu, wala hana kisa, na juu ya hayo wako waandishi waliomtawaza kuwa mungu wa pombe wa Waselti, kana kwamba walipata kuketi naye kilabuni.

Ithibati yao yote ni neno moja. Wagali, Waselti wa nchi iliyo leo Ufaransa, walikuwa na nafaka waliyoiita brace, kama alivyoandika Plinius, mwanachuoni wa Kirumi aliyefariki mwaka 79. Na neno hilo baadaye likaja kuwa na maana ya kimea, yaani nafaka iliyorowekwa, ikafunikwa hata ikachipua, kisha ikaanikwa juani na kusagwa, ambayo pasipo hiyo pombe haichachi vema. Dhana ya kwamba jina Braciaca latokana na neno hilo si ya kudharauliwa. Walakini miji mingi ya Wagali ilikuwa na majina yenye mwisho kama wa Braciaca, na yamkini Braciaca ni Mars wa mji fulani tu, aliyefuatana na askari wa kutoka huko hata ughaibuni. Nami, kwa insafu, naelekea upande huu.

Kwamba askari wa Kirumi wa mipaka ya Uingereza walipenda bia, hilo halina shaka. Miongoni mwa barua za vibao vya mti zilizofukuliwa Vindolanda, ngome ya Kirumi karibu na ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, iko moja ya askari aitwaye Masclus, ambaye amwuliza mkuu wake kwa taadhima kama kesho warejee wote pamoja na bendera au nusu yao, akamtakia kheri, akaaga. Kisha, kama mtu aliyekwisha kufika mlangoni akageuka, akaongeza kwamba wenziwe hawana bia, tafadhali aamuru waletewe. Aliiomba kwa mkuu wake; mungu hakumtaja.