Mama na mpiganaji hawatazamani



Tuliwaahidi habari za safari yetu ya Nairobi. Mkutano ulipokwisha tulibakiwa na siku moja, tukaenda na watoto katika bustani ya Uhuru Park, katikati ya mji. Watoto walikimbilia ziwa. Sisi tuliketi kwenye majani, tukafungua chakula chetu.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1969, na wanawake wameipigania. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga humo jengo la orofa 60. Wangari Maathai alikataa, akaandika barua, akatukanwa; jengo halikujengwa. Mwaka wa 1992 alikaa humo na wamama waliofunga kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa. Polisi waliwapiga. Baadhi ya wamama walivua nguo mbele yao, na hiyo ni laana nzito ya mzazi. Walihamia kanisani hapo karibu, wakaendelea kudai. Mwaka uliofuata wengi wa wana wao walifunguliwa.

Humo bustanini kuna pia ukumbusho wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa Waingereza katika miaka ya 1950. Ulizinduliwa mwaka wa 2015. Tulifikiri tutaona mwanaume na bunduki tu. Kumbe yuko na mwanamke anayempa chakula, na kila mmoja anatazama upande wake.

Mtoto mmoja, wa miaka 10, akauliza: «Mbona hawatazamani? Wamegombana?»

Tukamweleza: ni kusudi mmoja akikamatwa, asiweze kumtambulisha mwenzake.

Mama yake akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Na mimi nilipeleka bugali porini usiku, baba yako alipojificha. Wewe ulikuwa mgongoni.»

Mtoto hakuwa amesikia habari hiyo hata siku moja. «Nililia?»

«Hapana. Ulilala tu.»

«Basi nilikusaidia.»

Wamama, watoto wetu wanajua majina ya wakubwa wote wenye bunduki, maana wanayasikia kila siku kwa redio. Aliyepika, aliyebeba, aliyeficha mtoto wa jirani, hawamjui, kwa sababu sisi wenyewe tunanyamaza. Tunaona haya, ao tunaogopa kuwatia woga.

Tusiwasimulie yote kwa siku moja. Tuchague saa ya utulivu, kwa mfano tukichambua sombe pamoja. Tujibu kile mtoto alichouliza, bila kumpakia damu na maiti. Na tumalizie kwa kumtaja mtu aliyetusaidia, ili ajue kwamba hata katika vita wema ulikuwapo.

Katika mkutano wetu ujao, kila mmoja aje na jambo moja alilomsimulia mtoto wake. Anayeshindwa kusema, aje tu aketi nasi.