Mkilala Lamu, Msiagize Chipsi

Wasee, leo niseme kitu ambacho kitauma wachache, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwezi jana nililala usiku mbili kwenye nyumba ya wageni ndani kabisa ya Mji wa Kale, Lamu. Vyumba sita tu. Kuta nene za matumbawe, dari ya boriti za mikoko, zile zidaka za kuwekea vitu ukutani, na ua wazi katikati. Nilianza kupiga picha kabla hata sijatua begi.

Usiku nikashuka kula kwenye mkahawa wao. Menyu: pasta, piza, baga, chipsi. Nikauliza, "Na samaki wa kupaka?" Kijana wa kuhudumia akacheka. "Upo, lakini huo ni wa wafanyakazi."

Yaani mimi nimelipa, na wanaokula vizuri ni wao! Nilikasirika. Nikamuuliza mbona hawauzi. Akanijibu pole pole tu: "Wageni wa Nairobi wakifika huagiza chipsi kuku. Tulikuwa tunapika, chakula kinabaki."

Sikuwa na la kusema. Mezani kwangu kulikuwa na chipsi.

UNESCO iliweka Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Poa. Lakini orodha haipaki chokaa. Hewa ya chumvi inakula kuta kila siku, na nyumba kama hiyo inataka fundi na pesa kila mara. Pesa hiyo inatoka kwetu sisi tunaolala na kula hapo. Ukiagiza piza, jibini imetoka mbali, ikavushwa kwa boti, na sehemu ya pesa yako inarudi huko huko ilikotoka. Ukiagiza samaki na wali wa nazi, mvuvi anapata, muuza nazi anapata, na mama wa jikoni ana sababu ya kumfundisha binti yake mapishi.

Najua mtasema, "Hizo nyumba ni za wazungu, bei haishikiki." Zingine, kweli. Lakini nendeni msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, wageni wakiwa wachache, muulize bei bila aibu. Gawaneni chumba. Ikishindikana, laleni kwingine halafu muulize kama mnaweza kuja kula tu.

Siku ya pili nilienda jikoni asubuhi kuomba. Mama akaniambia, "Mwanangu, ungesema jana. Nazi yataka kukunwa mapema." Jioni nikapata samaki wangu, wali, na juisi ya ukwaju. Meza ya pili wakaangalia sahani yangu, wakauliza ni nini, nao wakaagiza ya kesho.

Ni hivyo tu menyu inabadilika. Watu wawili, watatu, wakiuliza.

Sasa semeni ukweli: mkifika pwani, huwa mnaagiza nini?