Penseli Mkononi mwa Mtoto

Wapo wazazi miongoni mwetu ambao, kwa kuchelea onyo lililotolewa kwa wachoraji wa viumbe, humnyang'anya mtoto penseli kabisa. Hofu yao ina msingi. Hata hivyo, Imam Bukhari amepokea kwamba mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas (R.A.). Ibn Abbas alimfikishia onyo la Mtume (S.A.W.), na alipoona amefadhaika, akamwelekeza kuwa ikiwa hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Upana wa mlango huo unaonekana katika jumba dogo lililomo ndani ya bustani ya mimea ya Kew, London, ambalo familia zetu zinazoishi au kupita huko zaweza kulizuru. Limehifadhi kazi za Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1830. Kuanzia 1871 alisafiri nchi nyingi, akichora mimea pale pale ilipoota. Jumba alilijenga kwa mali yake, likafunguliwa mwaka 1882. Picha 832 zimebanana ukutani kwa mpangilio wa nchi, na chini yake zimepangwa mbao za aina 246. Mwaka 1883 alifika Shelisheli, jirani zetu wa bahari hii, na mti mmoja wa visiwa hivyo, Northia, umepewa jina lake.

Katika baadhi ya picha wamo ndege na wadudu. Hapo mzazi apate nafasi ya kumfafanulia mtoto mpaka uliopo. Lakini zilizo nyingi ni za maua, matunda na majani, na zinatosha kumshughulisha mtazamaji siku nzima.

Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kuitazama mimea na kuizingatia. Mkono unaochora jani hulilazimisha jicho kutazama: mishipa, kingo, rangi ya juu na ya chini.

Wala si lazima kusafiri. Baada ya Alasiri, mkalishe mwanao chini ya mwembe, umpe karatasi, achore jani moja tu. Akimaliza, muulize ni nani aliyeipanga mishipa ile. Mtoto anayeambiwa lililoharamishwa bila kuoneshwa lililo halali, huenda akalitafuta la haramu kwa siri. Tumfundishe yote mawili.

Wallahu a'lam.