Kamati yaridhishwa

Nianze kwa kuungama. Habari yangu ya kwanza kabisa kutoka gazetini ilikuwa ya kamati ya madiwani "kuridhishwa" na ujenzi wa barabara. Niliiandika ndani ya gari, hata mjini hatujafika, bahasha iko mfukoni. Elfu ishirini. Ya nauli, waliniambia. Gari lenyewe lilikuwa lao!

Halmashauri siitaji, na wala si ya kwetu. Ila yeyote aliyewahi kufuatana na kamati kwenda "kukagua miradi" anaujua ule msafara. Jina lake kamili wilayani ni Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Jina zito kweli kweli. Siku ile tulikuwa magari matatu. Tukashuka kwenye barabara iliyomwagwa moramu mpya, mhandisi akasoma karatasi, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, mpiga picha akawapiga waheshimiwa wakinyoosha vidole. (Hivi kwa nini lazima mtu anyooshe kidole? Tazama picha yoyote ya kamati Bongo hii.) Dakika kumi na mbili. Niliangalia saa.

Tukiwa tunarudi kwenye magari akatokea mzee mmoja shambani, jembe begani.

"Samahani mheshimiwa. Huo udongo umeandikwa uwe na unene gani?"

Mhandisi akajibu: sentimita 15.

"Basi naomba nichimbe kidogo hapa tuone wote."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamshika mzee bega, akamwambia maoni yake yamechukuliwa. Yamechukuliwa yakapelekwa wapi, sijui. Magari yakawashwa. Nilipogeuka nyuma nikamwona mzee ameinama, anachimba peke yake. Mimi mwandishi wa habari sikushuka. Sijui hadi leo alikuta sentimita ngapi.

Kila Desemba nikipanda nyumbani Marangu namkumbuka mzee yule. Mnaijua njia. Kutoka Himo lami inapanda vizuri mpaka Marangu Mtoni, hapo moja inakwenda Mwika na Rombo, nyingine inapanda hadi geti la hifadhi. Mtalii aliyekuja kupanda Kilimanjaro anaweza kufika getini bila kujua kuwa huku kuna tope. Sina ugomvi na lami ya mtalii, analipa. Lakini toka nje ya lami uingie kwenye vihamba, mvua inyeshe saa moja tu. Kule ni mteremko mtupu. Barabara isiyo na mtaro inageuka kuwa mtaro yenyewe, maji yanashuka na moramu yote hadi mtoni. Ndiyo maana kila mwaka tunaambiwa barabara "imefunguliwa" na kila masika inafungwa tena.

Watu wa Dar wanacheka wakiona shangingi la mwenye nacho linasukumwa na vijana waliotoka kilabuni kunywa mbege. Mimi pia nacheka. Sicheki jeneza linapobebwa mabegani kwa sababu gari limeshindwa kufika kihambani. Sicheki mama mwenye uchungu anaposhushwa kwa bodaboda usiku. Na mikungu ya ndizi iliyokwama njiani siku ya gulio, nani anamlipa yule mama?

Halafu linakuja lile kundi la WhatsApp la ukoo: "Ndugu zangu, tuchange kifusi cha njia yetu." Tunachanga! Wa Dar, wa Arusha, wa Uingereza. Tumeshasahau kuwa tulishalipa. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda akijaza lita mbili, hiyo nyongeza peke yake ni shilingi 200. Huyo ni mfadhili wa barabara. Nani aliwahi kumsomea matumizi?

Sasa hapa madiwani wananijia juu: "Ndugu mwandishi, barabara siyo zetu tena." Ni kweli, na lazima niwatendee haki. Mwaka 2017 barabara za halmashauri zilikabidhiwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI. Fedha na mikataba vikahamia huko. Zamani diwani aliweza kumbana mhandisi wa halmashauri yake, sasa meneja wa wakala anakuja kumsomea taarifa, kisha anaondoka kwenda kuripoti kwa wakubwa zake. Madiwani wamelalamika nchi nzima, na nadhani wana hoja. Mwananchi anamlaumu diwani wakati kalamu ya mkataba iko kwa mtu ambaye hakumpigia kura.

Lakini jamani, kama huna meno, ule msafara unakwenda kutafuna nini? Posho? Anayejua hana mamlaka juu ya mradi, kisha akasimama mbele ya kamera akasema ameridhishwa, ametoa kitu kimoja alichobaki nacho, yaani jina lake. Kesho kalavati likizolewa, mkandarasi atasema kamati ilipita ikaridhika.

Na kuna kisingizio kingine kinaniudhi zaidi, kwamba mambo ya ujenzi ni ya kitaalamu, mwananchi hataelewa mchanganuo wa kazi na bei. Hili unamwambia nani, Mchaga? Wazungu waliofika Kilimanjaro karne ya 19 walikuta mifongo imeshatoa maji makorongoni na kuyatembeza hadi kwenye migomba, bila mhandisi mwenye shahada. Mfongo ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Siku ya kuusafisha ilitangazwa, asiyetokea alipigwa faini. Na palipovuja, wote walipaona, kwa sababu wote walikuwa wamesimama palepale. Sisemi turudi enzi za Mangi (wanawake wa enzi zile wangekuwa na la kusema kuhusu nani aligawa maji). Nasema mkagua kazi na mtumia kazi walikuwa mtu mmoja.

Kwingine wamelifanya hili bila mfongo. Rajasthan, India, wakulima na vibarua wa chama cha MKSS walianza Desemba 1994 kuitisha mikutano ya hadhara na kusoma kwa sauti nyaraka za miradi ya vijiji vyao: majina ya waliolipwa, mifuko ya saruji, bili. Watu wakasikia majina ya marehemu yamelipwa kibarua! Wakasikia kazi zimelipiwa ambazo hakuna aliyeziona. Kelele zile zilichangia kuzaliwa sheria ya haki ya kupata taarifa ya India mwaka 2005. Hawakuwa wahandisi, walikuwa na karatasi tu.

Sisi sheria tunayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa 2016, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji nao kisheria ni kila miezi mitatu. Kwa hiyo ninachodai hakihitaji bajeti wala semina elekezi. Kabla kamati haijapanda gari, mtendaji asome kwenye mkutano wa kijiji ukurasa mmoja tu wa mkataba: urefu wa barabara, unene wa moramu, idadi ya makalavati, mita za mtaro, bei, tarehe ya kumaliza. Ukurasa huohuo ubandikwe pale njia inapoanza. Kisha kamati ikija, ikute watu na futi kamba. Na majembe.

Mtaniambia naota. Basi nimeanza na kipande changu. Kuna njia moja ya kwetu, nimeandika barua kuomba huo ukurasa mmoja, nimeipeleka kwa mkono na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya kumi na moja. Wakijibu nitaweka majibu hapa, kila tarakimu, na wasiojibu nitawahesabia siku humu humu.