Tusiizime kwa Pupa



Jioni mtu aliyechoka huiamuru kompyuta izime, mkoba uko tayari begani. Mara Windows humwarifu kwamba ipo programu inayozuia, nayo humpa njia mbili: kuzima hivyo hivyo, au kughairi. Wengi wetu huchagua ya kwanza. Sisi twaona kwamba, mara nyingi, huko ni kukosea.

Kabla ya kuzima, Windows huitaka kila programu ijifunge, kisha huisubiri kwa kawaida sekunde 5 hivi. Iliyokaa kimya yaweza kuwa imekwama kweli. Yaweza pia kuwa inauliza, katika kidirisha kilichofichwa nyuma ya vingine, kama waraka uhifadhiwe. Tuliwahi kuikatisha, na kumbukumbu za mkutano uliochukua saa 3 zikapotea. Katibu aliyeziandika hakutulaumu, jambo lililotuumiza zaidi.

Basi tughairi, tusome jina la programu iliyotajwa, tuirudie na kuhifadhi kazi. Isipoitika kabisa, tubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tuikatishe hiyo peke yake. Inayokwama kila jioni yataka kusasishwa au kuondolewa.

Wako wanaofundisha kupunguza muda wa kusubiri katika mipangilio ya ndani ya Windows. Hatuungi mkono shauri hilo, kwa maana linaipunguzia programu muda wa kujifunga vizuri. Na kuchomoa waya ukutani? Hapo labda skrini nzima imeganda na kipanya hakisogei tena.