Sarafina Hakuzaliwa Kwenye Skrini

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, usemi ni ule ule: ukitaka kuijua Soweto ya mwaka 1976, wanafunzi wa Afrika Kusini walipoandamana wakapigwa risasi, tazama filamu ya Sarafina. Ukimkumbusha mtu kwamba filamu ilitanguliwa na tamthilia ya nyimbo, atakujibu kuwa jukwaani ni maigizo tu, filamu ndiyo inayoonyesha mambo yalivyokuwa. Imani hii imeenea, nayo ni potofu.

Tamthilia ni ya Mbongeni Ngema, na Hugh Masekela alishiriki kuitungia muziki. Ilionyeshwa kwanza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, makaburu wakiwa wametangaza hali ya hatari nchi nzima. Ndani yake, wanafunzi wa Soweto wanaandaa igizo kuhusu siku Nelson Mandela atakapoachiwa huru. Vijana wale walipoimba hivyo, Mandela alikuwa angali kifungoni, na hakuna aliyejua kama angetoka hai. Kila wimbo ulikuwa dai mbele ya serikali iliyokuwa bado madarakani. Januari 1988 tamthilia ikaingia Broadway, New York, ikaonyeshwa huko mara 597.

Filamu ya Darrell Roodt ilitoka mwaka 1992. Mandela alikuwa ameshaachiwa tangu Februari 1990. Lililokuwa dai likawa kumbukumbu.

Tena, kamera hudai kuonyesha kila kitu. Imetuletea Soweto yenyewe, risasi, askari akichomwa moto, mateso ya kizuizini. Kisha wanafunzi wanaanza kuimba na kucheza, na mtazamaji anajiuliza: hawa wanaimbaje katikati ya mauaji? Wimbo unageuka kituo cha kupumzikia baina ya tukio na tukio. Jukwaani swali hilo halizuki, kwa kuwa wimbo ndio tukio lenyewe. Risasi huisikia katika kishindo cha miguu, msiba huusikia katika sauti za kwaya, na anayeimba yuko hatua chache mbele yako, jasho likimtiririka.

Basi ni kipi kilicho karibu zaidi na ukweli? Chini ya ubaguzi wa rangi watu waliandamana wakiimba, wakazika wakiimba. Wimbo haukuwa pambo la mapambano, ulikuwa silaha yake. Jukwaa liliuacha wimbo mahali pake. Filamu, kwa kukimbilia uhalisia, iliuondoa hapo.

Siibezi filamu. Leleti Khumalo, aliyemwigiza mhusika mkuu Sarafina jukwaani, ndiye huyo huyo wa kwenye skrini, na Miriam Makeba anaigiza mama wa Sarafina. Iliwafikia mamilioni ambao wasingekanyaga Broadway maishani. Lakini kufika mbali si kusema kweli zaidi.

Nasi Watanzania hatuko mbali na habari hii. Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya 1976 walijengewa shule na chama cha ANC huko Mazimbu, Morogoro. Kwa hiyo nawasihi walimu: Juni 16 ijayo, zimeni projekta. Wapeni wanafunzi ukumbi, ngoma na majuma mawili ya mazoezi, waiimbe Soweto kwa sauti zao wenyewe. Mtoto aliyeitazama Soweto ataisahau. Aliyeiimba hataisahau.