Programu ikihama, haki yake ihame nayo

Wandugu wa mugodi, kuko watu wataniuliza: mtu wa sendika anaingia namna gani mu mambo ya ordinatere? Ninaingia juu hii habari ni ya haki.

Ordinatere haisikii maneno ya mtu. Fundi anaandika programu kwa maneno yenye kusomeka, kisha programu ingine, inaitwa kompilateri, inayageuza kuwa nambari zile mashine inafuata. Yakisha kugeuzwa, ni nguvu sana mtu kuyasoma tena. Mwenye kushika maandishi ya kwanza ndiye mwenye kuamua.

Mwaka wa 1987, Mumarekani Richard Stallman alitoa kompilateri GCC. Kila mtu aliruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuipeleka kwa mashine ingine. Sharti kubwa: ukigawia watu ile uliyobadilisha, utoe na maandishi yake, wengine nao wayatumie.

Kampuni NeXT ya Steve Jobs ilichukua GCC, ikaileta kwa mashine zake, ikaongeza lugha ya Objective-C. Ile nyongeza ilitaka kuificha: itoe kipande kilichokwisha kugeuzwa, mnunuzi akiunganishe yeye mwenyewe na GCC. Stallman aliuliza mwanasheria, kisha akakataa: ile ilikuwa njia ya kuzunguka sharti tu. NeXT ikatoa maandishi. Mwaka wa 1996 Apple ikatangaza kununua NeXT, na Objective-C ikafika mpaka mu programu za iPhone.

Tuangalie vizuri. NeXT ilitoa juu sharti lilikuwa limeandikwa, na kulikuwa mtu wa kulisimamia. Lakini mambo hayakuishia pale. Nyuma yake Apple iliacha GCC, ikaenda kwa Clang, kompilateri ambayo sharti lake halimulazimishi mtu kutoa alichoongeza. Ukifunga mlango mumoja, uchunge na ule wa nyuma.

Sisi tunajua kuhamishwa. Code du travail ya 2002 inasema: mugodi ukipata mwajiri mupya, mikataba ya kazi inaendelea. Lakini nimeona wenzetu wanasainishwa karatasi ya kuacha kazi siku ya tano, na siku ya kwanza wanarudi kwa shimo lile lile, kwa mashine ile ile, chini ya jina la sutretansi. Miaka kumi na mbili ya jasho inakuwa sifuri. Ni ujanja ule ule wa vipande viwili: kazi imebaki moja, karatasi ndiyo imekatwa.

Kwa hiyo, wajumbe wetu wakikaa na wakubwa juu ya mkataba wa pamoja, waombe neno hili liandikwe: kampuni yoyote inayochukua kazi, ichukue na miaka ya mfanyakazi, hata ikiwa ni sutretansi. Na wewe mama wa nyumbani, ukiona baba analeta karatasi ya kusaini, mumwambie aipitishe kwanza kwa sendika. Kalamu ikisha kupita, kuigeuza ni nguvu.